Mgombea Anayetafutwa

Mwaka 2011 jina la mtu mmoja wa Walikale, mashariki mwa Kongo, lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi mbili za serikali. Ya kwanza ilikuwa hati ya kumkamata, iliyotolewa mwezi Januari. Ya pili ilikuwa orodha ya wagombea ubunge wa taifa. Mtu huyo ni Ntabo Ntaberi Sheka, mfanyabiashara wa madini aliyegeuka kuwa mkuu wa wanamgambo walioitwa Nduma Defence of Congo, ambao wanavijiji waliwajua kwa jina fupi zaidi: Mai-Mai Sheka. Alitafutwa kwa yale yaliyotendeka kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010 huko Luvungi na katika vijiji vingine 12 kando ya barabara ya Kibua na Mpofi. Wapiganaji wake, wakishirikiana na waasi wa Kirwanda wa FDLR na kundi jingine la askari walioasi, waliwabaka watu wasiopungua 387. Hiyo ndiyo hesabu ya Umoja wa Mataifa, na ndani yake wamo wanawake, wasichana, wanaume na wavulana.

Tarehe 28 Novemba 2011 Wakongo walipiga kura. Siku hiyohiyo, huko New York, Umoja wa Mataifa uliliingiza jina la Sheka katika orodha ya watu waliowekewa vikwazo. Kwa hiyo kuna siku moja katika historia ya Kivu Kaskazini ambapo jina la mtu mmoja lilisomwa kwenye karatasi ya kura msituni na kwenye karatasi ya vikwazo ng'ambo ya bahari.

Nimeanza na mtu huyu kwa makusudi, ingawa sura hii inahusu vichekesho vya televisheni. Kila ninapotazama mchezo wa kumdhihaki mwanasiasa fisadi na mjanja, iwe umetengenezwa London, Nairobi au Lubumbashi, najiuliza mchezo huo ungesimama vipi mbele ya watazamaji wa Walikale na wa wilaya jirani ya Masisi. Swali hili linanikera kwa sababu watu wa huko wamewaona wanasiasa wa aina hiyo kwa karibu kuliko takriban watu wote ninaowajua, na bado sijaona televisheni iliyowapa kioo cha kuwatazamia.

Tuanze mbali. Mwaka 1987 televisheni ya Uingereza ilianza kuonyesha kichekesho kiitwacho The New Statesman. Waandishi wake, Laurence Marks na Maurice Gran, walimbuni mbunge wa chama tawala aitwaye Alan B'Stard, na mwigizaji Rik Mayall akamvisha mwili, sauti na tabasamu la fisi. B'Stard anaingia bungeni kwa wingi mkubwa wa kura kwa sababu wapinzani wake wameumizwa katika ajali ya gari, na ajali hiyo ameipanga yeye mwenyewe. Waingereza walicheka kwa sababu walijua pale pamepigwa chuku. Walikuwa na wabunge waongo, wabunge wenye tamaa, wabunge waliotumia vyeo vyao kujaza mifuko. Mbunge wa kuwaondoa wenzake kwa ajali hawakuwa naye. Umbali kati ya waliyemjua na waliyemwona kwenye kioo ndio uliozaa kicheko.

Hapo ndipo wengi husema kwamba mahali kama Walikale dhihaka haina kazi, kwani mambo yenyewe yamekwisha kupita chuku yoyote. Mtunzi atabuni nini zaidi ya mtu anayetafutwa kwa makosa ya vita akigombea ubunge? Nimelisikia neno hilo mara nyingi na silikubali. Dhihaka haiishi kwa chuku peke yake. Inahitaji mtazamaji mwenye uwezo wa kumnyima kiti yule anayechekwa. Mheshimiwa huogopa kicheko kwa sababu nyuma yake kuna sanduku la kura, na sanduku likiondolewa kicheko hubaki faraja ya jioni. Hoja yangu katika sura hii ni hiyo, na mifano miwili ya nyumbani itaieleza kuliko Waingereza.

Mfano wa kwanza unatoka Kongo yenyewe, nao ulichezwa kwa Kiswahili. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwa Lubumbashi, akila chakula na wenyeji wake. Akaletewa firigisi ya kuku. Kwa adabu zake alitaka kuikata agawane na wenzake, naye akazuiwa: mamlaka huliwa mazima, hayagawanywi. Msemo ule ulimkaa kichwani. Akaupeleka kwa kundi la Mufwankolo, wachekeshaji waliokuwa wakijulikana Katanga nzima tangu enzi za redio ya wakoloni. Mufwankolo na wenzake hawakumjibu kwa maelezo. Waliamua kuutungia mchezo wa televisheni, wakaubishania maana yake mazoezini siku baada ya siku, kisha wakaenda kuuigiza hadharani katika kijiji cha Kawama, nje ya mji, wanakijiji wakiwa watazamaji na washiriki.

Wakati huo Rais Mobutu alikuwa ametawala nchi kwa miaka 21. Mchezo haukuwa na rais, waziri wala kamisaa wa chama. Ulikuwa na chifu wa kijiji, wazee wake wa baraza, na raia wanaolalamika. Kila aliyetazama alikuwa huru kuamua chifu ni nani. Kila mkaguzi wa serikali alikuwa huru kuamini kwamba chifu ni chifu. Naiona akili kubwa katika uamuzi ule. Waigizaji wa Mufwankolo hawakuwa waoga. Walijua urefu wa kamba yao, wakacheza hadi mwisho wake. Lakini mchezo ulipokwisha, aliyekula firigisi nzima Kinshasa aliendelea kuila kwa miaka 11 mingine, na hakuondolewa kwa kura.

Mfano wa pili ni Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana watatu waliotoka Chuo Kikuu cha Kenyatta, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, waliunda kundi la Redykyulass na kuanza kumwigiza Rais Daniel arap Moi kwenye televisheni: sauti yake, fimbo yake, namna alivyonyanyua kidole. Wakenya wa umri fulani watakumbuka jinsi watu walivyotazama mlangoni kwanza kabla ya kucheka. Kwa vizazi viwili mtu aliweza kuulizwa maswali mazito kwa utani mwepesi juu ya rais. Mong'are aliposimama na sauti ile akiwa na jina la Nyambane, woga ulipungua nchini, na Desemba 2002 chama cha KANU kiliangushwa kwa kura baada ya karibu miaka 40. Sisemi kichekesho ndicho kilichoiangusha. Nasema vilikuwa pamoja: watu waliokwisha kucheka walikuwa na mahali pa kwenda siku ya kupiga kura.

Baadaye, Mei 2009, mchoraji Gado, Mtanzania aliyejenga jina lake katika gazeti la Nation la Nairobi, alileta The XYZ Show. Aliuchukua mtindo wa vikaragosi vya mpira kutoka mchezo wa Kifaransa uitwao Les Guignols, akawatengeneza Kibaki, Raila na wenzao kwa nyuso zilizovimba na pua zilizokuzwa. Nchi ilikuwa bado na vidonda vya machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, yaliyoua zaidi ya watu 1,100. Wanasiasa waliojitazama kwenye vikaragosi vile walikuwa walewale ambao mwaka mmoja nyuma wafuasi wao walikuwa wakikatana mapanga. Kuwaona wakiwa mpira na sifongo kuliwapunguzia utukufu, na kwa nchi iliyokuwa imewafia viongozi wake, kupunguza utukufu ilikuwa tiba. Na John Kiarie? Mwaka 2017 alichaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini. Mchekeshaji aliingia ndani ya jumba alilolicheka, na wapiga kura wa Dagoretti wana haki ya kumpima kwa kipimo kilekile alichowafundisha.

Sasa turudi Masisi.

Mtu akitaka kutunga mchezo wa televisheni juu ya mheshimiwa wa Masisi au Walikale hatakosa cha kuandika. Depite, kama wanavyomwita kule, anaishi Kinshasa, takriban kilomita 1,500 kutoka kwa waliomchagua. Hurudi majira ya kampeni na fulana, chumvi, vitenge na sabuni, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, na jina la hongo anayotoa limekwisha kulainishwa likawa madesu ya bana, maharage ya watoto. Anaahidi barabara. Barabara inayotoka Goma kupitia Sake kwenda Walikale na kuendelea hadi Kisangani imeahidiwa na karibu kila mgombea, huku wakulima wa Masisi wakiona viazi na maharage yao yakioza kwenye matope ya njiani.

Kuna kipande kimoja cha lami ambacho mtunzi yeyote angekipenda. Kiko Kilambo, katika wilaya ya Walikale. Machimbo ya kasiterite ya Bisie yalipovuma, kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, vijana walibeba magunia ya mawe yenye uzito wa kilo 50 mgongoni, wakitembea siku mbili msituni hadi kwenye barabara. Pale Kilambo ndege ndogo zilitua juu ya lami, zikapakia madini, zikapaa kwenda Goma. Barabara iliyojengwa ili watu wapite iligeuka uwanja wa ndege wa kuondolea mali, na watu waliendelea kutembea kwa miguu. Hakuna aliyehitaji kuibuni picha hiyo. Ingewekwa kwenye kioo jinsi ilivyokuwa, na mwanafunzi wa darasa la sita angeielewa siasa ya wilaya yake kuliko kwa kusoma ripoti kumi.

Mwezi Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alipiga marufuku uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, akisema anataka kuuvunja mtandao wa kimafia. Marufuku ilidumu miezi sita. Wachimbaji wa kawaida walirudi vijijini mikono mitupu. Wenye bunduki na wenye vyeo walibaki karibu na mashimo. Katika Masisi, koltani ya Rubaya ina hadithi yake. Kampuni iliyokuwa na kibali cha eneo lile, SMB, ilikuwa ya Édouard Mwangachuchu, ambaye alikuwa pia mbunge wa taifa wa Masisi. Mwaka 2023 alikamatwa, na mwezi Oktoba Mahakama Kuu ya Kijeshi ikamhukumu kifo kwa uhaini na kushirikiana na waasi wa M23. Yeye aliyakana mashtaka. Sina la kuongeza juu ya kesi hiyo, ila kuonyesha kwamba ubunge, mgodi na vita vimekaa nyumba moja katika wilaya hizi, na mchezo wowote utakaovitenganisha utakuwa unawadanganya watazamaji.

Lakini lipo jambo zito kuliko wizi, na mtunzi asiyelijua asiguse kalamu. Mwanasiasa mjanja wa Masisi ana silaha ambayo Alan B'Stard hakuwa nayo. Anaweza kusimama jukwaani na kuuliza: nani mwenyeji, nani mgeni?

Kiswahili kina methali ya upole sana juu ya mgeni: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kule Masisi neno hilo limenolewa likawa panga. Kati ya 1937 na 1955 serikali ya Ubelgiji ilihamisha maelfu kwa maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwapeleka Masisi kufanya kazi na kulima. Wahunde wakajikuta wachache katika ardhi ya mababu zao, na watoto wa wahamiaji wakazaliwa bila kujua nchi nyingine. Mwaka 1972 sheria ya uraia ikawapa wengi wao utaifa. Mwaka 1981 sheria nyingine ikawanyang'anya. Kura zilipokaribia mwanzoni mwa miaka ya 1990, kila mwenye tamaa ya kiti alihesabu vichwa vya kabila lake na kuogopa vichwa vya kabila jingine. Machi 1993 mauaji yalianza sokoni Ntoto, katika Walikale, yakapanda hadi Masisi. Watu waliokuwa wakiuziana maharage siku ile walikufa kwa hesabu iliyopigwa na watu wengine, mbali na soko lile.

Kwa sababu hiyo naogopa kichekesho cha ovyo juu ya wanasiasa wa Masisi kama ninavyoogopa moto kwenye nyasi kavu. Mwigizaji akimvisha depite fisadi lafudhi ya Kinyarwanda, au ya Kihunde, nusu ya watazamaji watacheka na nusu watafunga virago. Mufwankolo aliweza kumtumia chifu wa kijiji chochote kwa sababu mtawala aliyekaa Kinshasa hakuwa na haja ya kuwagombanisha wanakijiji wa Kawama. Masisi kazi ni ngumu zaidi. Mhusika lazima aonekane akiugeuza ulimi wake kwa kila hadhira: asubuhi anawaambia hawa kwamba wale ni wageni, jioni anawaambia wale kwamba hawa wanataka kuwamaliza, usiku anakula na tajiri wa madini ambaye kabila lake halimhusu. Watazamaji wa pande zote waione hotuba ileile ikibadilishwa majina tu. Hapo wote watajiona wamechezewa na mtu mmoja.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa redioni. Rwanda, tangu mwaka 2004, mchezo wa Musekeweya umesimulia vijiji viwili, Bumanzi na Muhumuro, na jinsi kiongozi mwenye uchu anavyowasha chuki hatua kwa hatua. Shirika lililouanzisha, Radio La Benevolencija, likaleta mashariki mwa Kongo mchezo wa Kumbuka Kesho kwa nia hiyohiyo. Ninaiheshimu kazi yao, nami naona redio imefika mahali ambapo umeme haujafika. Hata hivyo natamani picha. Mbinu za mwanasiasa ziko usoni na mikononi: jinsi anavyomkumbatia mama mzee huku macho yakitafuta kamera, jinsi bahasha inavyopita chini ya meza. Vijana wa Goma wana simu na kamera, wana waigizaji, na Kiswahili chao kina utamu ambao Nairobi na Dar es Salaam zingependa kuusikia.

Ipo pia mipaka, nami naitamka wazi. Luvungi haichekwi. Hakuna pembe ya kamera itakayofanya siku zile ziwe kichekesho, na mtunzi atakayejaribu atakuwa amewabaka wale watu mara ya pili. Anayestahili kuchekwa ni mtu mwenye kiburi cha kudhani kwamba baada ya Luvungi anaweza kuvaa suti, kuomba kura na kuitwa mheshimiwa. Achekwe huyo, na wachekwe waliompokelea fomu.

Sheka alijisalimisha kwa walinda amani wa MONUSCO tarehe 26 Julai 2017. Kesi yake ilifunguliwa Goma mwezi Novemba 2018, mbele ya mahakama ya kijeshi, na watu wa vijiji vile walifika kutoa ushahidi ilhali waliowatendea, au ndugu zao, walikuwa bado na bunduki msituni. Tarehe 23 Novemba 2020 alihukumiwa kifungo cha maisha.

Hukumu hiyo iliandikwa katika vitabu, na ilistahili. Lakini hukumu ya kwanza dhidi ya Sheka haikutoka mahakamani. Mwaka 2011, katika uchaguzi uliojaa kasoro, katika wilaya iliyojaa bunduki, aliwaomba watu wa Walikale kiti na hakukipata. Walimtangulia hakimu kwa miaka tisa.

Watu wa Masisi walipiga kura mwaka huohuo wa 2011, na matokeo yao ya ubunge yakabatilishwa na tume ya uchaguzi kwa sababu ya vurugu na vitisho. Mei 2021 Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na viongozi wa kiraia wakaondolewa ofisini. Januari 2025 M23 waliiteka Masisi mjini. Katikati ya hayo, tarehe 20 Desemba 2023, Kongo ilichagua rais na wabunge. Katika wilaya ya Masisi uchaguzi haukufanyika.